Leteni Vyombo, Tena Si Vichache

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Mjane huyu aliachiwa deni, na aliyemdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Hii stori tunaijua hapa Kitale na kule Bungoma. Ajenti anaahidi kazi Saudia, familia inakopa, binti anaenda. Akifika ananyang'anywa pasipoti, anafanya kazi bila mshahara. Akirudi, deni liko palepale mlangoni.

Tusiseme alijitakia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu iko wazi: mtu akidanganywa, kukubali kwake hakumtoi hatiani aliyemsafirisha.

Nikiri kosa langu. Dada mmoja alirudi hivyo (ameniruhusu niandike bila jina). Alisomea ushonaji Bungoma akiishi kwa shangazi yake. Alipomaliza nikamwita mbele ya kanisa, tukampa cherehani, tukapiga picha. Baada ya miezi minne akaiuza. Nilikasirika. Lakini mimi niliyesomea biashara sikuwa nimemuuliza maswali mawili tu: Unadaiwa na nani? Nani atanunua? Aliuza ili alipe deni. Na Januari ile, yunifomu za watoto wetu sote tulizinunua mjini.

Tazama Elisha alivyofanya:

1. Aliuliza mjane ana nini nyumbani. Huenda dada yako anajua kupika kuliko kushona. Muulize kabla hujamlipia karo.

2. Alimtuma kwa majirani akaombe vyombo vingi. Mafuta yalikoma vyombo vilipoisha, si kabla. Ujuzi ni mafuta. Oda yako ndiyo chombo.

3. Alimwambia afunge mlango. Muujiza ulifanyika faraghani. Ushuhuda wake ni mali yake; tusimsukume kwenye madhabahu.

Halafu ukaja mpango: uza, lipa deni, ishi kwa kinachobaki. Deni halikufichwa, liliwekwa kwenye hesabu.

Kwa hivyo katika ushirika wa nyumbani wiki hii, jadilini: ni nani kati yetu amerudi, na bado anadaiwa? Tunaweza kumpa kazi gani ya kulipwa, kwa bei ya soko, bila kuomba ya bure?

Yule dada bado anashona, kwa mashine ya kukodi. Januari inakuja tena. Wapendwa, nani ana chombo?