Mtoto Akataapo Titi Moja

Mama anyonyeshaye hushtuka sana siku mtoto wake ageuzapo uso na kukataa titi moja, ilhali juzi alilinyonya bila taabu. Wako waonao haya kuuliza, na wako wamwachishao mtoto ziwa siku hiyo hiyo. Yafaa ifahamike ya kuwa mtoto hakatai bure. Anayo sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni ndogo, yaweza kuondolewa nyumbani.

Katika mtaa wa Umoja, mashariki ya Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1970, akina mama wengi hufanya biashara huku wamepakata watoto. Na tumfikiri mama auzaye nguo za mitumba katika soko la Mutindwa, mwenye mtoto wa miezi 14. Tangu asubuhi humpakata kwa mkono wa kushoto, maana mkono wa kulia ndio uonyeshao nguo na kupokea fedha. Mtoto akilia, hupewa titi la kushoto lililo karibu na kinywa chake. Baada ya majuma machache hulipenda hilo peke yake. Akigeuzwa upande wa kulia hulia na kujipinda. Titi la kulia hujaa, likawa gumu na kuuma. Jirani akiona hivyo humwambia, "Mama, maziwa ya upande huo yamechacha. Mwachishe mtoto kabla hajaugua."

Jirani huyo ana nia njema, lakini amekosea. Maziwa hayachachi ndani ya titi, hata yakikaa kutwa nzima. Tena kumwachisha mtoto ghafla humzidishia mama maumivu, na kumnyima mtoto chakula chema. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata atimize miaka 2 au zaidi. Katika mwaka wa pili, maziwa ya mama yaweza kumpa mtoto kadiri ya thuluthi moja ya nguvu azihitajizo.

Kila titi hufanya kazi peke yake. Maziwa yakitolewa, titi hutengeneza mengine. Yakiachwa, titi hupunguza kazi. Kwa hiyo titi linyonywalo sana huwa na maziwa mengi, na lile liachwalo huwa na machache yatokayo polepole. Mtoto aliyezoea maziwa yatokayo upesi hana saburi ya kungoja. Hulikataa tena, na titi hilo huzidi kupungua.

Lakini mazoea siyo sababu ya pekee. Pengine sikio linamwuma, naye hawezi kulilalia upande mmoja. Pengine mkono au paja lina maumivu kwa sababu ya sindano ya chanjo, au pua imeziba, au meno yanaota. Pengine chuchu imechubuka. Na titi likishikwa na uvimbe wa moto, maziwa yake hupata ladha ya chumvi kidogo, na mtoto huitambua mara moja.

Basi mama afanyeje? Kwanza, asimlazimishe mtoto, wala asimtishe. Mtoto aliyelazimishwa hulichukia titi kabisa. Pili, ampe titi lile anapokuwa na usingizi, au anapoamka usiku, mahali pa utulivu pasipo kelele. Tatu, abadilishe namna ya kumpakata. Aanze na titi lipendwalo, kisha amsogeze hadi la pili bila kumgeuza, miguu yake ikipita chini ya kwapa la mama. Mtoto huona kwamba amelala vilevile alivyozoea. Nne, akamue maziwa ya titi lililokataliwa kwa mkono safi, kiasi cha kuondoa ugumu na maumivu. Maziwa hayo yawekwe katika kikombe safi chenye kifuniko, mtoto anyweshwe.

Titi likiwa jekundu, lina moto, na mama ana homa, asiache kutoa maziwa yake. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto mwenye afya. Kitambaa kilichotiwa maji baridi hupunguza maumivu. Hali isipokuwa nafuu kwa muda wa siku moja, au ikizidi, aende kwa daktari. Mama atumiaye dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI asingoje hata siku hiyo moja. Aende kliniki mara titi linapouma, maana uvimbe waweza kuongeza hatari ya kumwambukiza mtoto.

Iko dalili moja isiyofaa kudharauliwa. Ikiwa mtoto amekataa titi moja ghafla pasipo sababu ya kuonekana, mama alipapase titi hilo kwa vidole. Akikuta kivimbe kisichoondoka baada ya kunyonyesha au kukamua, au ngozi imebonyea, au damu inatoka katika chuchu, na aende hospitali apimwe. Mara nyingi kivimbe ni maziwa yaliyoziba tu. Lakini mara chache huwa ni saratani, na saratani iliyogunduliwa mapema hutibika kwa urahisi kuliko iliyochelewa. Akina mama wa Umoja wanayo Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyo karibu nao. Haifai kuacha miezi ipite kwa kuona haya.

Na ikiwa mtoto amekataa katakata, wala hapana ugonjwa wowote? Hapo mama asihuzunike. Mama wa mapacha huweza kumpa kila mtoto titi lake, na wote wawili wakanawiri. Titi moja linyonywalo vema laweza kutosha, hasa kwa mtoto alaye uji, maharagwe, mayai, mboga na matunda. Titi la pili litapungua polepole, na baada ya mtoto kuachishwa ziwa, mara nyingi matiti hurudia kulingana.

Mtoto wa miezi 14 hajui kusema, "Mama, hapa pananiuma." Hugeuza uso tu. Mama mwangalifu hutafuta kwanza mtoto anakataa nini, ndipo aamue la kufanya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.