Ghafi, ya Kodi na ya Mkononi

Kila Juni mimi humsaidia mama kutuma ritani yake ya kodi, na nimeona kwamba watu wengi huchanganya mambo matatu: mshahara ghafi, pato linalotozwa kodi na mshahara wa mkononi.

Hebu tumchukue mfanyakazi aliyelipwa shilingi 50,000 mwezi Juni 2025. Hizo ndizo ghafi. Kwanza hutoka NSSF, asilimia 6, yaani sh. 3,000, kisha bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, sh. 1,375, halafu ada ya nyumba, asilimia 1.5, sh. 750. Zinabaki sh. 44,875, na hilo ndilo pato linalotozwa kodi. (Kabla ya tarehe 27 Desemba 2024, bima na ada ya nyumba hazikutolewa kwanza namna hii, kwa hivyo usichukue hesabu ya 2023 ukainakili!)

Sasa kodi yenyewe. Sh. 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, sh. 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla ni sh. 8,245.85. Toa nafuu ya kibinafsi ya sh. 2,400, kodi inakuwa sh. 5,845.85. Mkononi anapata sh. 39,029.15.

Mwaka ukiisha, mwajiri hutoa fomu ya P9 yenye miezi yote 12. Jamani, macho yasiishie kwenye safu ya ghafi! Tafuta safu ya pato linalotozwa kodi, iliyo kabla ya safu za kodi, usome jumla yake chini kabisa. Pato litakalotokea kwenye iTax lifanane na hilo. Ukijaza ghafi ukasahau makato, utaonyeshwa deni lisilo lako. Ukijaza ya mkononi, umepunguza pato lako.

Kuna wahudumu wa saiba ambao humtumia kila mteja ritani ya sufuri, eti ni haraka. Hiyo ni ya mwenye PIN asiye na pato. Mwajiri huwa ameshapeleka taarifa KRA kila mwezi, basi sufuri itamficha nani? Na anayechelewa kupita tarehe 30 Juni hutozwa faini ya sh. 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi.

Nanyi mnaomaliza shule, mkishachukua PIN ya kuombea mkopo wa chuo, mtatuma ritani pia, ijapokuwa yenu itakuwa sufuri ya kweli.