Kuachishwa jeshi kwa sababu ya goti

Swali: Mwanangu ameachishwa Jeshi la Marekani baada ya kushindwa mtihani wa utimamu wa mwili. Goti lilikuwa bovu. Afanyeje?

Jibu: Mama, goti hilo ndilo kesi yenyewe. Akusanye vyeti vya daktari vya kabla ya mtihani, hasa kilichomzuia kukimbia; bila hivyo bodi inayopitia uamuzi wa kumwachisha itaona alama za mtihani tu, na hiyo ni dhuluma. Kisha ajaze fomu DD 293, ndani ya miaka 15, kuomba kubadilishiwa aina au sababu ya kuachishwa. Hiyo haimrudishi jeshini. Akitaka kutambuliwa kuwa aliondoka kwa ugonjwa, atumie DD 149 kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu, ndani ya miaka 3 tangu agundue kosa. Aombe faili lake la matibabu leo.