Dondoo Muhimu: Kupachika Folda ya Kompyuta Ndani ya Kontena

Mtengenezaji wa programu hana haja ya kujenga upya taswira ya Docker, yaani kiolezo ambacho kontena huundwa kwacho, kila abadilishapo mstari mmoja wa msimbo, kwa kuwa folda ya kazi iliyo kwenye kompyuta yake yaweza kupachikwa ndani ya kontena na mabadiliko yakaonekana papo hapo. Katika amri ya kuendesha kontena, ni afadhali atumie chaguo la --mount badala ya -v, kwani njia ya folda ikikosewa hata herufi moja, -v huunda folda tupu kimyakimya, ilhali --mount hukataa na kutoa taarifa ya kosa.

Folda iliyopachikwa hufunika chochote kilichokuwapo mahali pale, na hapa ndipo wengi hupotezea mchana kutwa: maktaba za node_modules zilizosakinishwa taswira ilipojengwa huonekana kana kwamba zimetoweka, na dawa yake ni kuzitengea hifadhi ya pekee inayosimamiwa na Docker yenyewe. Folda ya kusomwa tu iwekewe readonly. Kwenye Linux, mafaili yanayoundwa ndani ya kontena kwa kawaida humilikiwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, isipokuwa kontena liendeshwe kwa --user.