Nani Anatunza Jina Lako? Utaratibu wa Data Bila Kufunga Dirisha la Huduma

Muhula wa kwanza unapokaribia, foleni huanza mapema nje ya ofisi za wadi. Wazazi hushika fomu za basari, nakala za vyeti vya kuzaliwa, barua za kujiunga na shule na vitambulisho. Karani huzipokea dirishani, huzikagua na kuziweka kwenye faili. Mzazi akiondoka, kwake yeye kazi imekwisha. Kwa fomu, safari ndiyo kwanza imeanza.

Karani ataandika majina kwenye daftari, kisha atayaingiza kwenye jedwali la kompyuta. Kamati ya wadi itayapitia na kutia alama waliokubaliwa. Orodha itapelekwa idara ya elimu katika makao makuu ya kaunti, itaunganishwa na orodha za wadi nyingine, itafika kwa wahasibu, na mwishowe hundi itatumwa shuleni pamoja na majina ya wanafunzi. Hiyo ni mikono mitano au sita. Kila mkono huandika upya, na kila anayeandika upya anaweza kukosea. Mwanaisha anakuwa Mwana Aisha, nambari ya usajili inapoteza tarakimu moja, shule mbili zenye jina moja zinachanganywa. Mhasibu wa shule akipokea jina asilolijua huliweka kando hadi aulize, na kabla hajapata jibu huenda mtoto mwenyewe amekwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Hapo hakuna aliyeiba, wala si lazima kuwe na mzembe. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: nani hasa anawajibika kuona kwamba jina na nambari ya mwanafunzi huyo ni sahihi, kuanzia dirishani hadi shuleni? Kujibu maswali ya aina hiyo ndiko kunakoitwa usimamizi wa data. Nani anaruhusiwa kuandika, nani anaruhusiwa kurekebisha, nani anaruhusiwa kuona, taarifa itakaa kwa muda gani, na ikiharibika ataulizwa nani. Kompyuta husaidia, lakini si sharti. Ofisi inayotumia madaftari pekee inaweza kuwa na usimamizi mzuri, na yenye mashine mpya mezani ikawa haina.

Madaftari mawili

Taasisi nyingi huanza vibaya. Waraka hutoka juu, kamati mpya huundwa, fomu mpya yenye kurasa nyingi huchapishwa, na watumishi huitwa kwenye mafunzo ya siku tatu huku foleni ikiwa mlangoni. Karani hurudi kituoni akiwa na madaftari mawili: la zamani, analolitegemea kuwajibu wazazi, na jipya, la kuwaonyesha wakaguzi. Wiki chache baadaye lile jipya hujazwa Ijumaa jioni kwa mkupuo, kwa kunakili la zamani. Makosa sasa yana nyumba mbili, na watumishi wanaamini kuwa mambo ya data ni mzigo wa kuongezewa. Hawana kosa kuamini hivyo, kwa sababu ndivyo walivyoletewa.

Njia nyingine huanza kwa kukubali jambo lililo wazi: data ya ofisi tayari ina watunzaji wake. Mshauri wa Marekani Robert Seiner, aliyechapisha kitabu kuhusu mbinu hii mwaka 2014, hushauri taasisi ziwatambue watu kwa kazi wanayoifanya tayari na kuuandika rasmi wajibu huo, badala ya kuwabebesha kazi ngeni. Katika ofisi ya wadi maana yake ni hii. Karani anayejua kuwa mtaa fulani una familia mbili zenye jina moja, ambaye kamati humpigia simu kila inapokwama, ndiye mtunzaji wa orodha ya majina. Hajawahi kuandikiwa barua ya kumwambia hivyo. Akienda likizo, ujuzi huo huenda naye. Akihamishwa, wadi huanza upya.

Wanaodhani utaratibu wa namna hii hauwezekani bila mtambo wa gharama waangalie kliniki ya watoto. Chanjo ya mtoto huandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto na kwenye rejista ya kudumu ya chanjo, MOH 510. Dozi hujumlishwa kwenye karatasi ya hesabu, MOH 702, na za mwezi mzima huingia kwenye muhtasari, MOH 710. Ripoti ya kituo hutakiwa kufika kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kuingizwa kwenye mfumo wa taarifa za afya wa kitaifa, KHIS, kufikia tarehe 15. Muuguzi anayejaza rejista hiyo huenda hajawahi kusikia maneno "usimamizi wa data", lakini kila siku yumo ndani yake. Kuna anayeandika, kuna anayejumlisha, kuna anayepokea, na kuna siku ya mwisho. Hesabu zisipolingana, inajulikana ni rejista ipi ya kurudia.

Basari inaweza kupata mnyororo kama huo, na dirisha likabaki wazi.

Kuanza na orodha moja

Januari si wakati wake. Kipindi kinachofaa ni kile cha baada ya hundi kutumwa, foleni ikiwa imepungua na makosa ya msimu bado yako kichwani. Nusu siku hutosha. Msimamizi wa wadi, karani, katibu wa kamati, afisa wa elimu na mhasibu huketi na faili moja ya msimu uliopita na kuchora njia ya fomu kwenye karatasi moja. Kando ya kila hatua huandikwa cheo kinachohusika, si jina la mtu, ili uhamisho usivunje mnyororo. Mara nyingi karatasi hiyo huonyesha hatua ambayo kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

Baada ya hapo, kishawishi ni kutaka kutengeneza kila kitu. Afadhali kuchagua taarifa mbili ambazo kosa lake humfikia mtoto moja kwa moja: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na nambari ya usajili shuleni. Kanuni zake si nyingi. Taarifa hizo mbili hunakiliwa kutoka kwa stakabadhi, si kwa kusikia. Karani akimaliza kuandika humsomea mzazi kwa sauti kabla ya kuipokea fomu. Na marekebisho yoyote ya baadaye hufanywa na wadi peke yake. Mhasibu wa makao makuu akiona kasoro huirudisha kwa karani, haitengenezi kimyakimya kwenye jedwali lake.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mhasibu mwenye haraka huona ni upuuzi kurudisha orodha kwa sababu ya herufi moja anayoweza kuibadilisha mwenyewe kwa sekunde mbili. Lakini akiibadilisha kwake, daftari la wadi hubaki na kosa, na muhula ujao kosa lile lile hupanda tena hadi mezani pake. Simu moja kwa karani huliua palepale lilipozaliwa.

Je, kusomea wazazi hakutarefusha foleni? Kutairefusha kidogo, hasa siku za kwanza, na asiyesema hivyo hasemi kweli. Muda huo hurudi baadaye, wakati karani hapokei tena simu za wazazi wanaouliza mbona jina halipo.

Kisha yapo maneno. Wadi ikiulizwa ina wanufaika wangapi, huhesabu majina yaliyopitishwa na kamati. Wahasibu huhesabu majina yaliyolipiwa. Idara ya elimu huhesabu wanafunzi ambao shule zimethibitisha kupokea fedha zao. Hizo ni hesabu tatu tofauti zinazoitwa kwa neno moja, na zikifika Bunge la Kaunti siku moja huonekana kama udanganyifu. Tiba yake haigharimu chochote: kuandika chini ya ile karatasi ya njia ya fomu kwamba "mwombaji" ni aliyewasilisha fomu, "aliyeidhinishwa" ni aliyepitishwa na kamati, na "mnufaika" ni yule ambaye shule imekiri kupokea fedha zake. Idara zikianza kutumia maneno hayo katika ripoti za kawaida, hakuna ripoti mpya itakayohitajika.

Ukutani na kwenye simu

Orodha ya waliopata basari hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ni desturi nzuri, na ina msingi wa kisheria: Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza jinsi haki hiyo inavyotekelezwa. Mkazi ana haki ya kujua fedha za umma zimekwenda wapi. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinamlinda mtu dhidi ya mambo ya familia yake kuulizwa au kufichuliwa pasipo ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka hali ya afya na habari za familia, yakiwemo majina ya wazazi na watoto, katika kundi la data nyeti, na inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayozingatia maslahi ya mtoto.

Kwa hiyo orodha inayosema "yatima", au "mzazi mgonjwa", mbele ya jina la msichana wa miaka kumi na minne imevuka mpaka, hata kama nia ilikuwa uwazi. Wenzake watasoma. Nambari ya kitambulisho cha mzazi na ya simu hazina kazi yoyote ukutani isipokuwa kuwarahisishia matapeli. Mkaguzi anazihitaji zote, na atazipata kwenye faili. Umma unaweza kutosheka na nambari ya fomu, shule na kiasi kilichotolewa. Mzazi aliyepewa kipande cha fomu chenye nambari yake atajitambua, na anayetaka kuhakiki fedha za wadi ataweza kujumlisha.

Simu nazo zina mambo yake. Picha ya orodha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp ili "tusaidiane kuhakiki" hairudi tena. Marufuku peke yake haisaidii, kwa sababu kamati hutumia njia hiyo kwa kukosa nyingine. Inapaswa kuonyeshwa njia halali iliyo rahisi vilevile, kwa mfano kukutana mbele ya jedwali moja lililo ofisini. Fomu za misimu iliyopita hazifai kuishia sokoni zikifungia njugu, wala kuchomwa tu kwa sababu kabati limejaa. Uharibifu wa rekodi za umma unasimamiwa na sheria ya nyaraka za kitaifa, Sura ya 19, na huhitaji idhini.

Kuna wanaoona haya yote ni kuchelewesha maendeleo. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa serikali ya kitaifa wa kuanza kutoa kadi za Huduma, kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data inayotakiwa na sheria ya 2019 haikuwa imefanywa kwanza. Kilichosimamisha kazi hapo ni kurukwa kwa utaratibu, si utaratibu wenyewe.

Anachoweza kufanya mkazi

Mkazi anayejaza fomu yoyote ya kaunti, iwe ya basari, leseni ya biashara au matibabu, ana haki ya kuelezwa data yake itatumika kwa jambo gani, kuiona, kupinga isishughulikiwe, na kutaka iliyo na makosa irekebishwe au ifutwe. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya mtu kudhurika, ofisi inayoishikilia inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua, na kumjulisha mwenye data pia. Malalamiko huanzia ofisini palipotokea kosa. Asiyeridhika anaweza kumfikia Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi wa malalamiko ukamilishwe ndani ya siku 90.

Mzazi anayekuja kwa basari aje na barua ya shule yenye nambari ya usajili, badala ya kuipiga simu shuleni akiwa foleni na kuitaja kwa kukumbuka. Jina kwenye fomu lifuate cheti cha kuzaliwa, hata kama nyumbani na shuleni mtoto huitwa vingine. Karani akisahau kusoma, aombwe asome. Kipande chenye nambari ya fomu kihifadhiwe hadi shule itoe risiti, kwa sababu nambari hiyo ndiyo itakayomwezesha karani kuipata fomu kwenye faili bila kuuliza tena jina la mtoto mbele ya foleni.