Danieli Hakusimama Peke Yake

JUMANNE

Soma Danieli 1:8–16 na 2:17, 18. Danieli aliliendeaje jaribu lake, na ni akina nani waliokuwa pamoja naye?

Mara nyingi Danieli huhubiriwa kana kwamba alikuwa peke yake Babeli. Maandiko yanaonyesha vinginevyo. Jaribio la siku kumi liliwahusu vijana wanne. Na amri ya kuwaua wenye hekima ilipotoka, Danieli aliomba muda, akaenda nyumbani, akawaarifu Hanania, Mishaeli na Azaria ili waombe rehema. Siri ilifunuliwa kwa mmoja, lakini walioomba walikuwa wanne.

Fikiria kijana aliyelelewa katika milima ya Upare, ambako wamishonari Waadventista Johannes Ehlers na A. C. Enns walianza kazi mwaka 1903. Kijijini kwao majirani waliijua Sabato. Sasa yuko chuoni, Tanga mjini. Ratiba ya mitihani imebandikwa ubaoni, na somo moja limepangwa Jumamosi asubuhi. Asipofanya mtihani huo huenda akarudia mwaka, na mama yake ameshauza ng'ombe ili kulipa ada.

Kijana huyu ameshasikia mahubiri mengi juu ya uaminifu. Anachohitaji sasa ni mwenzake wa kwenda naye ofisini. Katika vyuo vingi vya Tanzania wanafunzi Waadventista hukusanyika chini ya TUCASA. Ushirika wao haupimwi kwa uimbaji wa Sabato tu. Je, yupo anayeikagua ratiba mapema? Yupo wa kumsaidia kuandika barua yenye adabu, na kufuatilia barua ya mchungaji? Wapo wa kujisomea naye juma zima, ili mwalimu asidhani kwamba Sabato ni kisingizio cha uvivu? Danieli naye hakugomba na msimamizi. Aliomba kwa heshima, akakubali kupimwa.

Soma Danieli 3:16–18 na Wagalatia 6:2. Ombi likikataliwa, ushirika una wajibu gani?

Wale vijana watatu hawakujua kama wangeokolewa na moto. Walijua tu kwamba hawangeinama, na kwamba walikuwa pamoja. Vivyo hivyo, ruhusa inaweza kukosekana. Hapo kumwambia mwenzetu “tunakuombea” na kumwacha mlangoni hakutoshi. Kuchukuliana mizigo ni kuchangia ada ya kurudia somo, kula naye sahani moja, na kwenda pamoja kumweleza mama yake.

Mwenzake wa chumbani, Mwislamu anayefunga Ramadhani, anajua maana ya kungoja jua lizame. Huenda ndiye atakayeuliza kwanza kwa nini vitabu vinafungwa Ijumaa jioni. Yale atakayoona yakitendeka baada ya barua kukataliwa yatamjibu kuliko maelezo.

Tafakari: Katika kundi lenu, ni nani anayebeba jaribu lake peke yake juma hili? Mtafanya nini kabla ya Sabato kuingia?