Hatua na Vikundi katika Kutayarisha Mchezo wa Redio: Mbinu kwa Walimu wa Vyuo

Utangulizi

Kila mkufunzi aliyewahi kuwapa wanachuo kazi ya vikundi anayajua malalamiko haya: watu wawili hufanya kazi, watu sita huwatazama, na alama hugawiwa sawasawa kwa wote. Aghalabu sisi wakufunzi huwalaumu wanachuo kwa uvivu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo mara nyingi yatustahili sisi wenyewe, kwa kuwa tumetoa kazi pasipo kuipangia hatua wala kugawa madaraka.

Studio za redio na za filamu za katuni zimelazimika kulitatua tatizo hili, kwani pasipo mpango wa kazi kipindi hakiwi tayari siku ya kurushwa. Nitaeleza jinsi studio zinavyopanga hatua na watu wake, na jinsi tulivyoutumia mpango huo katika chuo chetu hapa Kigoma. Nitaeleza pia kosa tulilolifanya kabla ya kuutumia, maana kosa hilo ndilo lililonifunza.

Mifano ya nchini

Mfano wa kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa muda wa wiki 12 vikundi vya wasikilizaji kote nchini vilikutana, vikasikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadiliana na kuamua la kufanya. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa wapatao 75,000. Watu wengi kiasi hicho hawakuweza kufunzwa na kituo kimoja. Walimu wa ngazi ya juu waliwafunza wa ngazi iliyofuata, nao wakawafunza wengine, hata mafunzo yakafika vijijini. Kipindi cha redio kilikuwa sehemu moja tu ya kazi ndefu ambayo kila mkono ulijua unapokea nini na unakabidhi nini.

Mfano wa pili ni wa siku zetu. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, hutengeneza katuni za kufundishia watoto. Kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya TBC1 Januari 2014. Katika kazi ya katuni, kwa kawaida, mswada hukamilishwa kwanza, sauti za waigizaji hurekodiwa, kisha ndipo wachorao huzitia picha mwendo, ili midomo ifuatane na maneno. Mwandishi akibadili sentensi baada ya hapo, mwigizaji hurudi kurekodi na mchoraji hurudia kuchora. Kwa hiyo mpangilio wa hatua una sababu moja kubwa: kosa lionekane mapema, wakati ambapo kulisahihisha ni rahisi. Kosa lililo katika karatasi hufutwa kwa raba. Kosa lililokwisha kuingia katika sauti hudai siku nzima.

Jaribio la kwanza

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kila mtu wa Kigoma na Ujiji aliliona jambo hilo sokoni na jikoni. Mwezi Julai niliwapa wanachuo wangu kazi ya kutunga mchezo wa redio wa dakika 15 kuhusu hifadhi ya ziwa, utumike katika somo la darasa la tano. Sikuwapa mpango wowote. Waliandika jioni moja, wakarekodi kwa simu ya mkononi siku ya pili, nami nikasikiliza na kuwapongeza, kwa kuwa sauti zilikuwa safi na waigizaji walichangamka.

Tuliupeleka katika shule moja iliyo karibu na ziwa. Mhusika mbaya wa mchezo wetu alikuwa mvuvi, mtu mlafi na mjinga aliyeadhibiwa mwishoni. Watoto walicheka mwanzoni, kisha kicheko kikakatika. Wengi wao walikuwa watoto wa wavuvi, na baba zao wakati ule walikuwa nyumbani bila kazi. Tulipotoa nafasi ya maswali, mtoto mmoja aliuliza, “Mwalimu, baba atarudi ziwani lini?” Katika dakika zote 15 hatukuwa tumetaja tarehe ya kufunguliwa ziwa, wala sababu ya kufungwa kwake. Nyuma ya darasa msichana mmoja alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, na hakukiinua hadi tulipoondoka.

Wanachuo hawakuwa wavivu wala wabaya. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kwenda kuwauliza wavuvi, wala aliyepewa kazi ya kuusoma mswada mbele ya watoto kabla ya kurekodi. Kazi isiyokabidhiwa kwa mtu haifanywi na mtu. Kosa lilikuwa langu.

Jaribio la pili: hatua sita

Oktoba mwaka huo huo tulianza upya. Mwanachuo mmoja, mzaliwa wa Katonga, alitusaidia kueleza mgawanyo wa kazi kwa mfano wa uvuvi wa dagaa usiku. Wapo wanaoangalia taa, wapo wanaoshika wavu. Na wavu ukiinuliwa kabla dagaa hawajakusanyika chini ya taa, jasho lote la zamu ile limepotea. Darasa zima lilielewa. Tukapanga hatua zifuatazo kwa muda wa wiki nne.

1. Uchunguzi. Kikundi cha watu wanne kilikwenda mwaloni Kibirizi na Katonga kuzungumza na wavuvi na akina mama waanikao dagaa, kisha kwa ofisa wa uvuvi kuhakikisha tarehe na sababu. Kilikabidhi ukurasa mmoja wa mambo yaliyothibitishwa.

2. Muhtasari. Waandishi watatu waliandika mambo matatu tu: msikilizaji ni nani, atajifunza nini, na wahusika ni akina nani. Jambo la kujifunza sharti liandikwe kwa sentensi moja. Likihitaji sentensi tatu, hayo ni masomo matatu.

3. Mswada. Waandishi waliandika mazungumzo, kisha wakayasoma kwa sauti mbele ya watoto watano. Hapo tuligundua maneno manne ya Kiswahili cha vitabu ambayo watoto wanaozungumza Kiha nyumbani hawakuyaelewa. Yalibadilishwa kwa dakika kumi.

4. Mazoezi. Mwongozaji aliwafundisha waigizaji, na kikundi cha sauti za matukio kilitafuta vifaa. Beseni la maji na kafi viliigiza ziwa. Magunia makavu yaliigiza nyayo juu ya mchanga.

5. Kurekodi. Fundi wa sauti alichagua chumba kidogo, akatundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, na akaiweka simu juu ya meza badala ya kuishika mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kubadili mswada siku hiyo isipokuwa kwa idhini ya mwongozaji.

6. Kuhariri na kujaribu. Mhariri aliunganisha maonyesho, nasi tukawachezea watoto wengine watano kabla ya kwenda darasani. Waliulizwa, “Mmeelewa nini?” Hawakuulizwa kama wameupenda, kwani mtoto mwenye adabu hujibu daima kwamba amependa.

Juu ya hatua zote alikuwapo mtayarishaji. Yeye haigizi wala haandiki; hutunza ratiba, vifaa na daftari la makabidhiano. Kila kikundi kilipomaliza kilitia saini katika daftari hilo, na kikundi kipokeacho kilikuwa na haki ya kukataa kazi isiyotimia. Waigizaji waliwahi kuwarudishia waandishi onyesho zima, kwa kuwa mvuvi alikuwa bado anasema kama mtu asiye na akili. Mwezi Julai hakuna aliyekuwa na madaraka ya kusema hivyo.

Katika mchezo mpya mvuvi ni baba anayelijua ziwa kuliko ofisa. Anaeleza mwenyewe jinsi wavu ulivyokuwa ukirudi mwepesi mwaka hata mwaka, na anagombana na nafsi yake kati ya njaa ya leo na samaki wa kesho. Hakuna mtu anayeadhibiwa. Tuliurudisha katika shule ile ile. Watoto walibishana karibu kipindi kizima kuhusu yale ambayo familia yaweza kufanya katika miezi ya kungoja, na wengine walitueleza mambo ya ziwa tusiyoyajua. Msichana yule aliketi wima akisikiliza. Hakusema neno, nami sikumlazimisha.

Matatizo na namna ya kuyakabili

Kwanza, kikundi kimoja kikifanya kazi vingine huweza kukaa bure. Dawa yake ni kuzipishanisha kazi. Waandishi wanapoandika, watu wa sauti hukusanya vifaa. Waigizaji wanaporekodi, waandishi hutunga maswali ya somo na andalio la somo.

Pili, studio humtaka kila mtu abaki katika kazi anayoiweza zaidi. Chuo hakiwezi kufanya hivyo, maana lengo letu ni mwanachuo na mchezo ni zana tu. Kwa hiyo katika mchezo wa pili kila mmoja hupewa kazi mpya, na mwanachuo mnyamavu asiachwe akatunza vifaa mwaka mzima.

Tatu, kuhusu alama: nusu itolewe kwa kazi ya pamoja, na nusu kwa sehemu ya kila mtu kama ilivyoandikwa katika daftari la makabidhiano. Tangu tulipoanza kufanya hivyo, malalamiko niliyoyataja mwanzoni yamepungua sana.

Hitimisho

Mbinu hii haihitaji studio. Yahitaji simu moja, chumba kimoja tulivu, daftari, na mkufunzi aliye tayari kungoja. Hatua ambayo mwalimu mwenye haraka hushawishika kuiruka ni ile ya kuwasomea wasikilizaji kabla ya kurekodi. Asiiruke. Mwanachuo anayezoea kuijaribu kazi yake mbele ya watoto watano kabla ya kuipeleka kwa watoto hamsini atabaki na desturi hiyo atakapokuwa peke yake darasani, mbali na wakufunzi wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kazi za vikundi unazozitoa, ni hatua ipi ambayo haina mwenyewe?
2. Taja jambo moja la mahali pako ambalo wanafunzi wanaliishi nyumbani. Nani angepaswa kuulizwa kabla ya kulitungia mchezo?
3. Tunga ukurasa mmoja wa daftari la makabidhiano utakaofaa darasa la wanachuo 40.